Kasarani Ilikuwa Operesheni ama Kambi? Inategemea Ulisoma Wapi



Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp ndugu mmoja wa Kihunguro aliweka skrinishoti mbili za habari moja. Tukio ni lile lile, siku ile ile, mtaa ule ule. Moja ilisema polisi wamekamata washukiwa. Nyingine ilisema familia zinatafuta watoto wao. Akauliza swali moja tu: nani anadanganya? Basi moto ukawaka. Mmoja akasema media zote ni za makafiri, achaneni nazo. Mwingine akasema kama iko kwenye gazeti iko, gazeti haliwezi kuandika uongo, lingeshtakiwa. Kufika Isha meseji zilikuwa zimepita mia mbili na hakuna aliyejibu swali la watu.

Mimi najibu hapa, na nitasema wazi kwamba hao wawili wote wamekosea. Tena wa kwanza amekosea vibaya zaidi, kwa sababu yeye ni ndugu yetu na maneno yake yanatufanya tulale.

Jibu la swali ni kwamba huenda hakuna aliyedanganya. Hapo ndipo hatari ilipo. Uongo ukishikwa unashikwa, mtu anaumbuka, anaomba msamaha. Lakini habari inaweza kuwa na maneno ya kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado ikakutoa kwenye ukweli, kwa sababu ya pale ilipoanzia, nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na picha gani iliwekwa juu. Ni kama kukaa kwenye mat inayotoka Thika kwenda tao. Wa dirisha la kushoto na wa dirisha la kulia wako gari moja, barabara moja, na kila mmoja akishuka anasimulia safari yake. Hakuna mwongo hapo. Lakini dereva akiamua abiria wote wakae upande mmoja miaka kumi, wataapa kwamba ng'ambo ya pili ya barabara hakuna watu.

Wacha nichukue mfano wa barabara yetu wenyewe, manake mifano ya Palestina mnayo mingi na hii ya hapa mmeisahau.

Aprili 2014. Wengine wenu mlikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa Form Three. Machi 31 mabomu yalikuwa yamelipuka Eastleigh na kuua watu 6. Siku chache baadaye serikali ikaanza operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Maelfu ya askari wakamwagwa Eastleigh, South C na kwingineko, wakaingia nyumba kwa nyumba usiku. Karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakimbizi na Wakenya wenye vitambulisho. Vituo vya polisi vikajaa. Ndipo wakapelekwa uwanja wa Kasarani, hapo hapo Thika Road, uwanja uliojengwa kwa michezo ya Afrika ya 1987, sasa ukageuzwa mahali pa kuchunguza watu. Aprili 9, watu 82 wakapakiwa kwenye ndege kwenda Mogadishu.

Sasa, tukio ni hilo. Liangalie kwa madirisha mawili.

Dirisha la kwanza, ambalo ndilo lililokuwa kwenye runinga nyingi za sebuleni jioni: ni operesheni ya usalama. Anayezungumza ni waziri, wakati huo Joseph ole Lenku, ama msemaji wa polisi. Hesabu inayotolewa ni ya waliokamatwa, na kadiri inavyopanda ndivyo kazi inavyoonekana kufanyika. Waliokamatwa wanaitwa "wahamiaji haramu" kabla hakimu hajaona karatasi zao. Picha ni ya foleni ya watu wamekaa chini, wanawake wamefunika nyuso, na kamera iko juu ikiwatazama chini.

Dirisha la pili: Amnesty International na Human Rights Watch waliandika juu ya watu wale wale, uwanja ule ule. Humo anayezungumza ni mama aliyetolewa kitandani saa nane usiku. Hesabu ni ya pesa alizotoa ili aachiliwe, siku alizokaa bila kufikishwa mahakamani, watu waliorundikwa selo moja hadi hawana pa kuketi. Baadaye hata IPOA, chombo cha serikali yenyewe cha kuangalia polisi, kikaandika ripoti ikisema operesheni ile haikufuata sheria inavyotakiwa. Na mitandaoni vijana wa Kenya wakaanza kuuita uwanja ule kambi.

Operesheni. Kambi. Hayo ni maneno mawili tu, lakini ukilichagua moja umeshachagua maswali utakayouliza. Kwenye operesheni unauliza: je, imefaulu? Kwenye kambi unauliza: huyu amefanya nini mpaka yuko humu ndani?

Mimi nilikuwa napita hapo. Nilisoma boarding upande wa Nairobi na nyumbani ni Ruiru, kwa hivyo likizo ile ya Aprili nilipita Kasarani nikiwa kwenye mat na watu wanaangalia nje wanasema, "Hao hapo, wamewekwa hapo." Hakuna aliyeuliza kina nani. Hata mimi sikuuliza. Nilikuwa nimevaa yunifomu ya shule na kofia yangu nimeitia kwenye begi. Nilikuwa nimeona jinsi makanga anavyowaangalia wenye kofia.

Halafu Mei 4, Jumapili, mabasi mawili yakalipuliwa hapa Thika Road. Watu 3 walikufa na zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Hawa walikuwa watu wetu, wa barabara hii, wanarudi kwao. Sitaki mtu asome makala haya akadhani nasema hatari haikuwepo. Ilikuwepo, na damu ilimwagika hatua chache kutoka stage tunazoshukia. Siku zilizofuata dada yangu, mwanafunzi wa koleji pale Thika, alitakiwa afungue mkoba wake kabla ya kupanda gari. Peke yake. Mbele yake walipanda watu wanane na mabegi yao, hakuna aliyeulizwa. Alifungua. Ndani kulikuwa na daftari na chapati mbili. Alipoketi, mama aliyekuwa kando yake akahama kiti.

Yule mama sijawahi kumchukia. Yeye alikuwa amekaa dirisha moja mwezi mzima, kila jioni saa moja. Picha aliyopewa ya gaidi ilikuwa na hijabu, kwa hivyo aliiogopa hijabu. Nani alimpa picha ile ndilo swali langu.

Sasa niwapeleke Gatundu.

Wengi wenu mnajua mamangu ni Mkikuyu, alisilimu kabla ya mimi kuzaliwa. Kwa hivyo nina shosho Gatundu, mama yake mama, Allah amjalie afya, anasali kanisani kwake na sisi tunasali kwetu na chai tunakunywa pamoja. Mwisho wa ile likizo ya Aprili 2014 tulikuwa kwake. Runinga ilikuwa imewashwa, habari za saa moja, ikaonyeshwa Kasarani. Mimi nilidhani atasema yale yale niliyozoea kuyasikia kwenye mat. Shosho aliangalia kimya, akaweka kikombe chini, akasema kwa Kikuyu: hawa wamekaa vile tulivyokalishwa. Kisha akauliza, "Gakunia iko wapi?"

Sikujua gakunia ni nini. Akanieleza. Aprili 24, 1954, Waingereza walizingira Nairobi, operesheni waliyoiita Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na kazini kwa maelfu, wakakalishwa chini kwenye mistari. Mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu, alipitishwa mbele yao. Akitingisha kichwa hivi, unaenda zako. Akitingisha vile, unapanda lori. Guka alitingishiwa kichwa. Akapelekwa Lang'ata, kisha Manyani. Alirudi baada ya miaka mitatu, na hakuna siku aliyoambiwa alikosa nini.

Aprili 1954, Aprili 2014. Miaka sitini, mji ule ule.

Na magazeti ya 1954 yalimwita guka nani? Gaidi. Hilo ndilo neno walilotumia wakoloni kwa Mau Mau, kwenye taarifa za serikali na kwenye magazeti ya walowezi na ya London. Nendeni mkasome habari za Lari, iko kaunti hii hii yetu ya Kiambu. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto, na kuchoma nyumba. Ni unyama, hakuna jina lingine. Serikali ya mkoloni ikapeleka wanahabari, picha zikapigwa, dunia nzima ikaona. Lakini usiku ule ule na siku zilizofuata askari na Home Guard walilipiza kisasi Lari hapo hapo, na wanahistoria wanakadiria waliouawa katika kisasi walikuwa wengi kuliko wale wa kwanza. Hao hawakupelekewa mpiga picha. Kwa miaka mingi, ukisema "mauaji ya Lari" ulikuwa unasema nusu ya kisa, na nusu hiyo ni ya kweli kabisa. Ndiyo nilikuwa nawaambia kuhusu kutodanganya.

Marufuku ya Mau Mau iliondolewa 2003. Yaani Kenya ilikuwa huru miaka arobaini na bado kwa sheria guka alikuwa wa kundi haramu. Na Juni 2013 serikali ya Uingereza ikasimama bungeni kwao, ikasema inajuta kwa mateso yale, ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 karibu pauni milioni 20. Juni 2013! Miezi kumi baadaye tukajaza Kasarani, na wengi wa waliopiga makofi walikuwa wajukuu wa waliopitishwa mbele ya gakunia.

Nawaambia haya si kwa sababu Wakikuyu ni wabaya, mimi mwenyewe ni nusu yao. Nawaambia kwa sababu jirani yako wa Makongeni ama Kimbo anayekuita al-Shabaab kwa mzaha, nyumbani kwao kuna picha ya mzee aliyeitwa hivyo hivyo na mkoloni. Una mengi ya kuongea naye kuliko unavyodhani. Muulize guka wake alikuwa Manyani ama Hola. Mtaanzia hapo.

Tuje kwa yule ndugu wa "media ni za makafiri." Kaka, soma historia kwanza. The Standard, gazeti kongwe kuliko yote Kenya, lilianzishwa Mombasa 1902 na A. M. Jeevanjee, Mwislamu, tajiri wa Kibohra, yule mwenye bustani pale tao. Aliuza baada ya miaka michache, na likawa sauti ya walowezi. Nation ilianzishwa na Aga Khan, kiongozi wa Maismailia, mwaka 1959 na 1960, na Taifa Leo iko nyumba hiyo hiyo. Je, hilo lilifanya gazeti likuone wewe wa Majengo, Thika kwa jicho la pekee? Jina la mwenye gazeti halikusaidii. Kinachokusaidia ni kujua mkono unaolisha. KTN na Standard zimefungamana na familia ya Moi, K24 na familia ya Kenyatta, Citizen na Inooro ni za S. K. Macharia, KBC ni ya serikali. Na juu ya wote kuna mtangazaji mkubwa zaidi nchini, ambaye ni serikali hiyo hiyo. Machi 2024 iliagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC. Mhariri mwenye mishahara ya kulipa anaelewa ujumbe huo bila kuandikiwa barua. Hiyo ndiyo siasa ya fremu, si dini ya mhariri.

Tena kuna mambo mengine madogo, ya uvivu tu. Mwanahabari wa kaunti analipwa kidogo, ana habari nne za kutuma kabla ya saa kumi, na OCS anashika simu. Wewe hushiki, ama ukishika unamtukana. Basi habari itaanza na "polisi wanasema." Nimefanya kazi hii ya kuhamasisha vijana miaka sita sasa. Nakumbuka mara moja kijana wetu wa Ruiru alikamatwa, tukaja juu, tukapiga kelele, na habari ikatoka bila neno letu hata moja. Nilikasirika sana. Nikampigia mwandishi, gazeti silitaji, akaniambia kwa upole: "Nilikutafuta mara tatu." Nikaangalia simu. Ni kweli. Namba nisiyoijua, sikushika.

Mengine si uvivu. Chukua Masjid Musa, Mombasa, Februari 2, 2014. Polisi walisema wamevunja mkutano wa kufunza vijana jihad, wakakamata zaidi ya watu 100, na askari mmoja alichomwa kisu akafa. Waislamu wengi waliona picha za buti ndani ya msikiti, juu ya zulia, na kijana aliyepigwa picha akiwa mikononi mwa polisi hajaonekana tena. Kila upande ulishika picha yake na kuiacha ya mwenzake. Sasa niwaulize nyinyi, si wao: kwenye grupu zetu, nani aliweka habari ya yule askari aliyekufa? Alikuwa na mama pia.

Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Kuna kurasa zetu, nazijua na wanaoziendesha nawajua, zilizoandika aya tatu za "Uislamu hauhusiki" kabla ya kutaja hata idadi ya waliokufa. Hiyo ni fremu. Imewatoa waliouawa katikati ya picha na kutuweka sisi. Wenzetu Wakristo wa MKU na Zetech waliiona, wakasoma, wakaelewa kwamba tunajililia. Wangekosea vipi kuelewa hivyo?

Na mwaka huo huo wa 2015, baada ya Garissa, serikali ikaweka MUHURI na HAKI Africa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, akaunti zao zikafungwa. Wanasheria na watetezi wa haki! Wakaenda Mahakama Kuu Mombasa na kabla mwaka haujaisha mahakama ikawasafisha. Ya kuwekwa kwenye orodha niliisikia siku ile ile, kwenye mat, redioni. Ya kusafishwa niliisikia baada ya mwaka, kwa mtu. Fremu inaweza kuwa hiyo tu: hii kwenye ukurasa wa kwanza, ile kwenye ukurasa wa ishirini na tatu chini ya tangazo la shamba Juja Farm.

Kimya pia ni fremu. Wagalla, Wajir, Februari 1984: serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya ukweli, TJRC, mwaka 2013 ikasema huenda walifika karibu elfu moja. Miaka ishirini na tisa katikati, na Wakenya wengi hawajawahi kulisikia jina lenyewe.

Nje ya nchi nako kuna dirisha lao. Julai 2015 CNN iliiita sehemu hii yetu kitovu cha ugaidi wakati Obama anakuja, na Wakenya wote, dini zote, wakaungana kuwachana mtandaoni hadi mkubwa wao mmoja akapanda ndege kuja kuomba radhi. Januari 2019, baada ya shambulio la DusitD2 lililoua watu 21, New York Times ikaweka picha ya maiti wakiwa wamelala kwenye meza za mkahawa. Baraza la Vyombo vya Habari likataka iondolewe, wao wakakataa. Tukauliza, je, wangeweka maiti za watu wao hivyo? Swali zuri. Lakini mbona sisi tunaoliuliza hatukuliuliza kwa niaba ya wale wa Kasarani waliopigwa picha kama mbuzi sokoni? Heshima ya Mkenya iko kwenye maiti ya Westlands peke yake?

DusitD2 ndiyo iliyoleta jambo kwetu hasa. Aliyetajwa kuongoza kundi lile alikuwa Ali Salim Gichunge, na alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu hii hii. Jina ni la Mlima Kenya. Ile picha ya gaidi kuwa Msomali ikavunjika mchana kweupe, na badala ya kujifunza kwamba uhalifu hauna kabila, vyombo vingine vikachora picha mpya: aliyesilimu. Wale ndugu zetu kina Kamau na Njeri waliosilimu hapa Thika wakaanza kuulizwa na mama zao kama wako salama, wanakaa na nani, wanafundishwa nini. Mama yangu aliulizwa na dada yake. Alikuwa na miaka zaidi ya ishirini katika Uislamu.

Hata ile fremu ya kutusifu naitilia shaka. Desemba 21, 2015, basi la Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, magaidi wakataka abiria watengane, Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akafa mwezi uliofuata hospitalini. Rais akamtunuku nishani. Filamu ya kisa hicho, Watu Wote, ikafika hadi kuwania Oscar mwaka 2018. Allah amrehemu, ni shujaa, nalilia nikiitazama. Lakini angalia masharti yaliyo ndani ya sifa hiyo: Mwislamu mzuri ni aliyekubali kufa kwa ajili ya jirani. Kamau wa Landless anakuwa Mkenya mzuri kwa kulipa kodi na kufungua duka saa mbili. Mimi nataka cheo kama cha Kamau. Nataka kuwa Mkenya mzuri nikiwa hai, nauza viatu, nachelewa na rent.

Kama bado unadhani haya ni ya Waislamu tu, angalia ya juzi. Juni 25, 2024 vijana wote wa Kenya walitoka. Usiku huo risasi zilirindima Githurai, hapa mlangoni kwa Ruiru. Rais akahutubia taifa akisema wahalifu wameteka maandamano na kwamba ni uhaini. Kesho yake akaukataa Mswada wa Fedha. Siku chache baadaye, akihojiwa na wanahabari, alitaja waliokufa kuwa 19. Siku iliyofuata tume ya haki za binadamu, KNCHR, ikasema 39. Mwaka ulipotimia, Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza runinga na redio zisitangaze maandamano moja kwa moja. NTV na KTN zikazimwa hewani mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha agizo lile. Waziri Murkomen akasema ule ulikuwa ugaidi uliojifunika maandamano. Na baadhi ya vijana waliokamatwa wakafikishwa mahakama ya Kahawa kujibu mashtaka ya ugaidi, mahakama ile ile ambayo sisi tunajua njia yake kwa miguu.

Watoto wa wale waliokuwa wakiangalia Kasarani kupitia dirisha la mat ndio waliosimama kizimbani Kahawa. Neno lilikuwa limelala kwetu miaka kumi, sasa limehamia kwa jirani. Jirani alishtuka. Aliniambia, kijana wa Kiandutu, tukiwa nje ya mahakama: "Buda, wanatuita magaidi!" Nikamwambia karibu. Hakucheka, nami sikucheka.

Sasa mnataka tufanye nini? Surat al-Hujurat, aya ya sita, mnaijua: habari ikikufikia, chunguza kabla hujaumiza watu kwa kutojua. Amri hiyo haikusema uchunguze habari za wengine tu. Mimi mwenyewe 2017 nilishea picha ya msikiti unaoungua nikaandika ni Pwani. Ilikuwa Burma, tena ya zamani. Watu 400 walikuwa wameshea kabla sijafuta, na niliyefuta ni mimi peke yangu.

Kwa hivyo, habari ikiingia grupuni, usiulize nani anadanganya. Tafuta sentensi ya kwanza inaanza na nani. Tafuta kitenzi: ameuawa na nani, ama "amefariki katika makabiliano"? Hesabu ni nani amenukuliwa kwa jina na nani ni "wakazi" tu. Itazame picha, ujiulize mpiga picha alisimama upande wa nani. Kisha tafuta habari hiyo hiyo kwa Taifa Leo, kwa Citizen, kwa KBC, kwa Inooro kama unasikia Kikuyu, kwa Friday Bulletin ya Jamia, na uone kila mmoja ameacha nini, pamoja na huyo wa mwisho ambaye ni wetu. Inachukua dakika ishirini. Tiktok unaipa saa tatu.

Halafu shikeni simu za waandishi, jamani. Kijana wenu akikamatwa, mtu mmoja awe na jina lake kamili, umri, saa aliyochukuliwa, kituo alichopelekwa, namba ya OB, na mzazi aliye tayari kuzungumza bila kutukana. Mpe mwandishi hivyo kabla ya OCS kumpa yake. Nimeona habari ikigeuka kwa sababu ya namba ya OB tu.

Jumamosi hii baada ya Asr tunakutana msikitini Ruiru, chumba cha madrasa. Kila mtu aje na gazeti moja ama habari moja aliyochapisha, na asije na ile anayoikubali. Yule ndugu wa makafiri nakuomba uje, nitakulipia nauli kutoka Thika. Leta na yule jirani yako wa Kiandutu kama ana nafasi, chai ipo.

Na kama shosho ataruhusiwa na miguu yake, atakuja pia kueleza habari za gakunia. Amesema atakuja kama kutakuwa na kiti chenye mgongo.